Ploti ya Gachanja

Mimi si mtu wa kusamehe, na sitaki kuanza hadithi hii kwa kujifanya. Kuna watu waliojaliwa roho ya kusahau. Mimi nilijaliwa kichwa cha hesabu, na hesabu haisahau. Mtu akinikosea, mimi humbeba kama tofali begani mpaka nipate ukuta wa kumweka. Injinia Gachanja nilimbeba muda mrefu, na ukuta niliompatia mwishowe ulikuwa ndani ya kompyuta.

Nieleze alivyonikosea. Nilipomaliza chuo niliajiriwa katika ofisi yake mjini Nakuru, chumba cha juu ya duka la mbegu. Yeye alikuwa na muhuri wa injinia, gari na kitambi; mimi nilikuwa na kalamu. Nilimchorea nyumba ya kupangisha huko Kihoto, Naivasha, karibu na ziwa, ambako ardhi ni laini na mvua ikizidi maji huingia mpaka jikoni. Kwa sababu ya ardhi hiyo nilichora sakafu mbili, basi. Nilimwambia kwa mdomo na nikaandika kwenye ramani kwamba zisizidi mbili. Mwenye nyumba alipoona vyumba vimepata wapangaji hata rangi haijakauka, akataka ya tatu, na Gachanja akamwambia hakuna shida.

Hiyo ndiyo desturi ya mjengo wetu. Nenda popote kuanzia Gilgil mpaka Molo utaona nyumba zimeachwa na vyuma vimesimama juu ya paa kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Vile vyuma ni ahadi: tukipata pesa, tutaongeza. Hakuna anayekwenda kuziuliza nguzo za chini kama nazo ziliahidi.

Ile sakafu ya tatu, slabu nzima ya zege, iliporomoka mafundi wakitoa mbao za kuishikilia. Mwashi mmoja, Kiplangat, alikatwa mguu. Gachanja hakupoteza hata kofia. Vumbi halijatulia, tayari alikuwa amewaambia watu wa kaunsili ya mji, mwenye nyumba na waandishi wa habari kwamba msichana wa ofisini alikosea hesabu. Ramani zangu zilipotea ofisini siku hiyo hiyo, nami nikazifuata nje.

Kufutwa kazi ningekumeza. Kilichonikaba ni harambee ya kumsaidia Kiplangat. Ilifanyiwa kwenye uwanja wa kanisa la kwetu Longonot, na Gachanja ndiye aliyekuwa mgeni wa heshima. Mwenye kipaza sauti aliniita mbele kabla ya mtu mwingine yeyote. Akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba tumpe dada yetu Nyakio nafasi ya kwanza, maana aliyekosea akitoa, moyo wake hupona. Nilitembea mbele ya macho yote hayo, mama yangu akiwa safu ya pili na kitambaa chake cha Jumapili kichwani, ameinamisha uso. Nikatoa. Nilitoa kwa ajili ya Kiplangat. Kisha Gachanja akainuka, akatoa kuliko sisi sote, na akapigiwa makofi ya kilo, yale ya kishindo.

Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu duniani. Nilitaka asimame mbele za watu, aseme kwa kinywa chake kwamba slabu ya Kihoto ilikuwa yake. Sikutaka pesa zake wala pole yake. Nilitaka kinywa.

Hakuna ofisi ya uinjinia iliyotaka jina langu mlangoni, kwa hivyo nikaishia kufundisha usanifu wa majengo katika chuo kidogo cha ufundi nje ya mji wa Nakuru. Wanafunzi wangu walikuwa vijana wazuri na walinichosha kabisa. Walikariri kanuni za nguzo na mihimili kama watoto wa katekisimu. Ukimpa mmoja swali la nguzo iliyozidiwa na mzigo, anakokotoa, anaandika "imezidiwa", anapigia mstari kwa rula, halafu anauliza kama chakula kiko tayari. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini hofu haikuwepo. Mimi nilikuwa nimeiona nguzo iliyozidiwa. Injinia asiyeogopa ni mtu wa kuogopwa, nami sikujua namna ya kufundisha hofu kwa chaki.

Pranav ndiye aliyenionyesha njia. Alikuwa kijana wa duka la kompyuta karibu na soko, ambaye baba yake aliamini anatengeneza printa kule nyuma, kumbe anatunga michezo ya kompyuta. Nilikwenda kuchapisha mtihani nikamkuta anajaribu kuangusha mnara kwenye kioo cha kompyuta, macho yamemtoka, chai yake imeganda utando. Mnara ulipoanguka alishtuka, na ni yeye mwenyewe aliyeutengeneza. Nikaketi bila kukaribishwa. Nilimwambia kama anaweza kunitungia mchezo ambao nguzo zake zinafuata hesabu za kweli, mimi nitampa hesabu zote anazotaka na mama yake hatamwona akila chakula cha jioni nyumbani mpaka tumalize.

Tulifanya kazi hiyo karibu mwaka mzima wa 2006. Mchezo tuliuita Ploti. Unapewa kiwanja, vyuma, simiti na kokoto, unajenga nyumba ya kupangisha kuanzia msingi. Kila chumba kikikamilika taa inawaka dirishani, maana yake mpangaji ameingia, na kila taa inakuongezea pointi. Nguzo yenye nguvu inabaki kijani. Mzigo ukizidi inageuka njano, kisha nyekundu. Halafu mvua inanyesha, au lori la mchanga linapita barabarani, na hapo ndipo utakapojua kama wewe ni injinia au ni mtu wa maneno. Mlio wa kuanguka Pranav aliurekodi kwa kudondosha mabati nyuma ya duka huku majirani wakimtukana.

Siku ya kwanza darasani, Chelagat, msichana ambaye kwa kawaida alisinzia tangu nikifungua mlango, aliangusha nyumba iliyojaa wapangaji. Akaziba mdomo kwa viganja. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akafungua daftari na kuanza kukokotoa ile nguzo upya kutafuta alipokosea. Nilikuwa nimengoja kuona jambo hilo tangu nianze kufundisha. Kufikia mwisho wa muhula walikuwa wakibishana korido nzima kuhusu unene wa vyuma, kama vile wengine wanavyobishana kuhusu mpira.

Hadi hapo nilikuwa mwalimu mwema. Hatua ya mwisho ya mchezo niliitunga nikiwa mtu mwingine.

Ukiifungua unakuta nyumba ya sakafu mbili imeshakamilika, kwenye ardhi laini ya karibu na ziwa. Taa zote zinawaka, nguzo zote ni kijani, na juu ya paa vyuma vimesimama vikikungoja. Nje watu wamepanga foleni wakitaka vyumba. Unachotakiwa kufanya ni kuiacha jinsi ilivyo. Hakuna aliyeweza. Tamaa ya pointi ilimshinda kila mtu, kila mtu akaongeza ya tatu, na ikishaanguka kioo kinaandika kwa herufi kubwa: IMEANGUKA. INJINIA: GACHANJA.

Pranav alisita. Aliniuliza kama huyo ni mtu wa kweli, kwa sababu baba yake alikuwa na mteja wa jina hilo. Nilimjibu kwamba akina Gachanja ni wengi kama kokoto, na atakayekuja kulalamika atakuwa amejitambulisha mwenyewe. Akanitazama kidogo, akasema, "Mwalimu, wewe una roho chafu sana," kisha akaiweka.

Wanafunzi wakanakili sidii za mchezo, wakawapa ndugu zao, ndugu wakazipeleka kwenye saiba, vile vyumba vya kukodisha kompyuta. Muda si muda Ploti ikawa inachezwa mitaa ya Free Area na Section 58, mpaka Naivasha. Mafundi waliokuwa hawajawahi kugusa kompyuta walisimama nyuma ya wachezaji wakitoa ushauri. Kwenye mijengo mtu akipindisha ukuta anaulizwa kama yeye ni injinia Gachanja. Wenye viwanja nao wakasikia. Mteja anaketi ofisini mwa Gachanja, anakunywa soda ya ofisi, halafu anauliza kwa utani kama ni yeye yule wa mchezo. Mwanzoni, niliambiwa, alicheka nao. Baadaye aliacha kucheka, na wateja wakaacha kuja. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikanenepa, na mama akadhani nimepata mchumba.

Kisha ukaja uchaguzi, na Januari ya 2008 sitaieleza hapa. Kila mtu wa Nakuru ana yake, na mengine hayasemeki. Nitasema tu kwamba watu walikimbia makwao kwa maelfu, chuo kikafungwa kikafunguliwa, na hali ilipotulia vyumba vya kupanga vilikuwa adimu kuliko mvua. Wenye ploti wote wakainua macho kutazama vyuma vilivyosimama juu ya mapaa yao. Gachanja naye, kwa kuwa kazi za watu zilikuwa zimemkaukia, akaitazama ploti yake mwenyewe kule Karagita, ambako wafanyakazi wa mashamba ya maua hupanga chumba kimoja kimoja. Akaongeza.

Alinijia alasiri moja mwezi wa nane, nikiwa nafuta ubao. Nilimtambua kwa kofia kabla ya uso. Alikuwa amekonda, kitambi kimeyeyuka, na aliketi kwenye benchi la wanafunzi bila kuambiwa, magoti yakigonga dawati. Nikajua amekuja kunitishia mahakama. Nilikuwa nimeshaandaa majibu tangu zamani na nilitamani sana kuyatumia.

"Ile game yako nimeicheza," alisema.

Alieleza mwenyewe, macho yakiwa kwenye mikono yake. Aliikuta kwenye kompyuta ya ofisi yake, karani ameificha. Aliketi kuicheza ili apate ushahidi kwamba nimeweka ujanja ndani, kwamba ile nyumba imepangwa kuanguka hata ufanyeje. Alijaribu vyuma vinene, akajaribu simiti nyingi, akajaribu nguzo za ziada. Alikuwa akifunga ofisi mchana na kucheza. Aligundua kwamba akiiacha na sakafu mbili, inasimama kila mara, mvua ije, lori lije. Akiweka ya tatu, inakwenda.

"Nilikuandikia hivyo," nikasema.

"Najua uliniandikia."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kukiri, lakini darasa lilikuwa tupu na ubao hauna masikio. Nikamwambia aendelee. Akasema ameingiza vipimo vya ploti yake ya Karagita kwenye mchezo, jinsi ilivyo sasa, sakafu nne juu ya msingi wa mbili. Nguzo ya kona, ile ya upande wa barabara, inakuwa nyekundu hata kabla ya mvua. Alipokwenda kuitazama nguzo yenyewe akakuta imefanya ufa. Methali ya ufa na ukuta kila mtoto wa shule anaijua. Gachanja alikuwa amevumbua njia ya tatu, akapaka rangi. Ufa ukarudi juu ya rangi.

Nilimtajisha vipimo vyote kimoja kimoja nikaviingiza mwenyewe kwenye kompyuta ya darasa. Alikuwa amesema kweli kwa mara moja maishani mwake. Nguzo iliwaka nyekundu tukiitazama sote wawili, na aliyekuwa bosi wangu akavua kofia kama yuko mazishini. Alitaka nimsaidie kuishikilia kimyakimya, tuweke vyuma vya pembeni Jumapili watu wakiwa kanisani, bila kaunsili kujua, kwa sababu wakijua ni kesi na muhuri wake umekwenda. Pia, akaongeza, kama ningeweza kutoa jina lake pale kwenye game.

Nitasema jambo la kwanza lililonijia, kwa sababu nimeahidi kutojifanya. Nilisema moyoni, wacha ianguke. Ianguke, nami nikae kando ninywe chai. Niliionja ile raha ulimini kama sukari guru. Lakini Gachanja alikuwa analala mtaa wa Milimani, nyumba isiyo na ghorofa, kwenye udongo mgumu. Waliokuwa wanalala Karagita walikuwa wachuma maua, na wengi wao walikuwa wameshakimbia nyumba zilizochomwa. Sasa wakimbie na hii. Halafu kuna hili pia, na sijui kama ni wema: watu wakifa pale, nani angejali tena habari ya Kihoto? Maiti hawasikii. Mimi nilitaka watu walio hai, wenye masikio.

Nikamwambia nguzo ile haishikiliki, watu watoke kwanza. Na watakapokuwa wamekusanyika kuambiwa watoke, atawaambia pia ni nani aliyeangusha slabu ya Kihoto.

"Hiyo itanimaliza, Nyakio."

"Itakumaliza ukiwa hai. Wao je?"

Alivaa kofia yake, akasema Jumapili mchana.

Nilikwenda na Pranav kwa gari la dukani kwao, tumebeba kompyuta na kioo kikubwa nyuma, maana sikuwa namwamini Gachanja kueleza jambo lolote la nguzo kwa binadamu. Karagita ilikuwa na jua na vumbi. Ploti yenyewe ilikuwa imepakwa rangi ya maziwa, nguo zimeanikwa kila sakafu, redio tatu zikiimba nyimbo tofauti, juu kabisa matangi mawili ya maji ambayo Gachanja alisahau kunitajia. Nilipoyaona matangi nilianza kukokotoa mzigo upya kichwani. Wapangaji walikusanyika uani, wengine wakimenya viazi, na Gachanja, mwenye nyumba, akawaambia kwamba nyumba si salama, wahame leo.

Walimcheka. Nilipaswa kulijua hilo, nimekulia papa hapa. Mwenye nyumba akitaka kupandisha kodi haji kusema anapandisha kodi; anakuja kusema nyumba inahitaji ukarabati, hameni kidogo, halafu ukirudi unakuta mpangaji mwingine na bei nyingine. Kila mtu pale uani alikuwa ameshachezewa mchezo huo angalau mara moja. Mama mmoja aliyeitwa Nabalayo, mpanga maua wa shamba moja la pale, mwanamke mwenye mabega na sauti, aliweka kisu chake chini.

"Mzee, kama ni rent unataka kuongeza, sema ni rent," alisema. "Sisi tumetoka mbali, hatutoki tena juu ya kupaka rangi."

Gachanja akanionyesha mimi kwa mkono, akawaambia huyu ni injinia, mumuulize. Kabla sijafungua kinywa, mwanamume mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta akanikodolea macho akauliza kama si mimi yule msichana wa Kihoto, aliyekosea hesabu mpaka mtu akakatwa mguu. Uani pote pakawa na minong'ono. Ndiyo, ni yeye. Sasa huyu ndiye ameletwa kutupimia nyumba?

Nikamgeukia Gachanja. Hapo ndipo palipokuwa pake; Mungu mwenyewe asingeweza kumtengenezea nafasi nzuri zaidi. Akatazama viatu vyake. Tulisimama pale mbele ya wapangaji, mwongo na mwenye jina bovu, na hapakuwa na mtu wa kutuamini hata tungesema jua linachoma. Jina langu alilivunja yeye, lake nililivunja mimi, na waliokuwa chini ya ile nguzo ndio waliokosa mtu wa kumsikiliza. Nilimchukia pale kuliko nilivyowahi kumchukia.

Pranav alikuwa ameshavuta waya wa umeme kutoka kwenye kibanda cha kinyozi pale chini na kusimamisha kioo juu ya kreti za soda. Hakuhubiri. Alimuuliza Nabalayo kama angependa kuwa landlord kwa dakika chache. Watu wakacheka, Nabalayo akafuta mikono kwenye leso, akaketi.

Ilikuwa ploti ile ile, Pranav alikuwa ameongeza pale pale hata kibanda cha kinyozi. Ilianza ikiwa na sakafu mbili, na mimi nilitaja vyumba na mzigo wake. Nabalayo akaongeza ya tatu kwa haraka, majirani wakampigia kelele aongeze ya nne, wakamkumbusha kuweka matangi, wakamlaumu kwa kuacha chumba kimoja bila mpangaji. Sijawahi kuona wenye nyumba walafi kama wale wapangaji. Nguzo ya kona ikageuka njano, mtu akasema hiyo ni rangi tu. Ikageuka nyekundu. Lori likapita, mabati ya Pranav yakalia, na taa zote zikazimika.

Walicheka sana. Jirani akamsukuma Nabalayo aondoke, akajaribu yeye, ikaanguka. Wa tatu akaanza kwa kuondoa matangi, ikabaki nyekundu. Akaondoa sakafu ya juu kabisa, ikawa njano. Akaondoa na ya tatu, ikawa kijani, lori likapita na lingine likapita na nyumba ikasimama. Hapo kicheko kilianza kupungua. Wakairudisha jinsi ilivyo kweli, wakaiangusha tena, na tena, kila mtu na mikono yake, kila mtu akitafuta hila yake. Mwanamume aliyenitambua aliiangusha mara nyingi kuliko wote, na kila mara aliuliza ile nguzo ni ipi.

Nabalayo alirudi mbele ya kioo. Alinyoosha kidole akagusa ile nguzo nyekundu kwenye kioo, kisha akamuuliza Gachanja, kwa sauti ya chini kabisa, kama hiyo ni hii yao ya hapa kona. Gachanja akaitikia kwa kichwa. Mama yule akainuka, akazunguka upande wa barabara, nasi tukamfuata. Akatoa ufunguo wa chumba chake akakwangua rangi ya maziwa. Ilitoka kama ganda la yai. Ufunguo ukaingia kwenye ufa mpaka nusu, na hakuulazimisha.

Aliutoa ufunguo, akapita katikati yetu, akapanda ngazi kwa mwendo wa mtu asiyetaka kuikanyaga. Aliteremka na mtoto mgongoni na godoro kichwani.

Baada ya hapo hapakuwa na haja ya injinia. Ngazi zilijaa watu, majiko, ndoo, mabeseni, masanduku ya bati. Hakuna aliyepiga kelele, walitembea taratibu wakiambiana wasikimbie, wasitikise. Nyumba haikuanguka, niseme hilo kwa anayengoja vumbi; kaunsili ilikuja kubomoa sakafu za juu mwezi uliofuata, na Gachanja alipoteza muhuri na mambo mengine mengi. Siku ile mimi sikuwa nafikiria muhuri.

Nilimshika mkono wa koti nikampeleka mpaka chini ya ngazi, mahali ambapo kila mtu angelazimika kumwona. Nikamwambia sasa. Nadhani alikuwa ameona kwa macho yake ni watu wangapi walikuwa wanaishi juu ya ile nguzo, kwa sababu hakubishana nami tena. Akavua kofia, akafungua kinywa.

"Jameni, nisikizeni," alisema. "Ile slab ya Kihoto ilikuwa yangu. Nyakio alichora mbili, mimi ndio niliongeza ya tatu. Huyu mama hakukosea."

Yalikuwa maneno yenyewe, neno kwa neno, kama nilivyoyangoja tangu ile harambee. Mwanamke mmoja alimpita na televisheni kifuani. Mzee akapita akivuta mbuzi. Yule mwanamume aliyenitambua alipita karibu kabisa nasi, kijaluba cha sukari mkononi, akiwa anamwita mkewe aharakishe mtoto, na hata hakugeuza kichwa.

"Sema tena," nikamwambia.

Akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, machozi yakimtoka. Mimi peke yangu ndiye niliyemsikia, na mimi ndiye mtu pekee pale uani ambaye hakuhitaji kuambiwa.

"Tena."

Akavuta pumzi, akaanza kuyarudia kutoka mwanzo. Kijana aliyekuwa anateremka na kitanda kichwani akasimama nyuma yake, akamwomba mzee apishe njia.